Bingwa aliyekubali kuacha pigo lake

Arthur Ashe aliingia kwenye tenisi kupitia kazi ya baba yake. Mzee huyo alikuwa msimamizi wa Brookfield, bustani ya michezo waliyotengewa watu weusi mjini Richmond, jimbo la Virginia, na familia ilipewa nyumba humo humo ndani. Ukitoka mlangoni, hatua chache tu, viwanja vya tenisi hivi hapa. Mtoto alizaliwa Julai 10, 1943, na alikuwa mwembamba kiasi kwamba baba alimkataza mpira wa Kimarekani kwa kuogopa atavunjwa. Raketi ikabaki.

Naanza na baba kwa makusudi. Mimi nimekulia Mufindi, kwenye kambi za wafanyakazi wa mashamba ya chai, na baba yangu mdogo ndiye aliyekuwa akitunza kiwanja cha tenisi cha klabu ya mameneja. Kumwagilia udongo, kuushindilia kwa lile gogo la chuma zito, kupiga mistari ya chokaa, kukaza wavu, yote yake. Sisi watoto tuliokota mipira na tukaachiwa ile iliyochakaa. Kwa hiyo mtu akiniambia tenisi ni mchezo wa wakubwa, namwelewa. Ila najua pia kwamba kila klabu ya wakubwa ina mtu mmoja anayekijua kiwanja kuliko wanachama wote, na mtu huyo ana watoto.

Habari za Ashe nilizipata kwa baba mdogo, naye alizipata kwenye magazeti ya zamani yaliyoachwa klabuni. Hukumu yake ilikuwa fupi: mchezaji mzuri, lakini alikosea kwenda kwa makaburu, yaani Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Tumebishana juu ya sentensi hiyo tangu nikiwa sekondari, kwenye misiba, kwenye harusi, kwenye basi la kwenda Iringa. Makala hii imetoka humo.

Mama yake Ashe alifariki mwaka 1950, mtoto akiwa na miaka sita. Kijana mmoja aliyeitwa Ron Charity, aliyekuwa akicheza pale Brookfield, ndiye aliyemshikisha raketi vizuri. Baadaye akampeleka Lynchburg kwa Dk. Robert Walter Johnson, daktari mweusi aliyekuwa na kiwanja nyumbani kwake na ambaye tayari alikuwa amemlea Althea Gibson, mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Wimbledon. Kwa daktari huyo kulikuwa na sheria ambazo mtoto wa leo angeziona za ajabu. Mpira wa mpinzani ukianguka nje kidogo ya mstari, hesabu umeingia. Usibishane na mwamuzi. Usirushe raketi. Ukionewa, nyamaza, cheza mpira unaofuata.

Wengi wanaoandika juu ya Ashe huishia hapo kwenye adabu: mtu mpole, mtulivu, muungwana. Mimi naona hawasemi kitu chenyewe. Dk. Johnson hakuwa akifundisha upole. Alijua kwamba waandaaji wa mashindano ya wazungu walikuwa wanatafuta kisingizio kimoja tu cha kuwarudisha watoto wake nyumbani, akaamua kisingizio hicho wasikipate. Ule utulivu ulikuwa mbinu, na mtoto aliubeba mpaka ukawa tabia. Kama ulimgharimu nini ndani kwa ndani, hilo ni swali jingine, na sidhani ni dogo.

Richmond ilikuwa na viwanja vya ndani vya kuchezea wakati wa baridi, lakini havikuwa vya weusi. Mwaka 1960 ikabidi ahamie St. Louis kumalizia sekondari, mwaka uliofuata akapata ufadhili wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mwaka 1963 akawa mweusi wa kwanza kuchaguliwa timu ya Marekani ya Kombe la Davis, mashindano ya tenisi ya timu za mataifa. Mwaka 1965 akatwaa ubingwa wa vyuo vikuu. Kisha jeshi, cheo cha luteni, akipangiwa kazi za ofisini kwenye chuo cha kijeshi cha West Point wakati wenzake wakipelekwa Vietnam. Kuna kisa hapa kinachonigusa kuliko makombe yote: mdogo wake, Johnnie, alikuwa askari wa majini Vietnam na muda wake ulikuwa umekwisha, akaomba kuongeza muhula wa pili ili kaka yake asipelekwe.

Septemba 1968, Ashe akiwa bado jeshini, akashinda US Open ya kwanza iliyoruhusu wachezaji wa ridhaa na wa kulipwa kushindana pamoja. Alimfunga Mholanzi Tom Okker seti tano, na ya kwanza iliisha 14–12, maana siku hizo hapakuwa na gemu moja ya kuamulia seti ikifika 6–6. Zawadi ya dola 14,000 ilikwenda kwa Okker aliyefungwa. Ashe, kwa kuwa alihesabiwa mchezaji wa ridhaa, alipata posho ya dola 20 kwa siku. Baba mdogo, ambaye maisha yake yote amelipwa kwa siku, hucheka sana akifika hapo. Si ajabu kwamba miaka minne baadaye Ashe alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha wachezaji wa kulipwa, na mwaka 1974 akawa rais wake.

Sasa tuje kwa makaburu.

Ashe aliomba viza ya kwenda kucheza Afrika Kusini mwaka 1969. Akanyimwa. Akaomba tena, akanyimwa tena. Mwaka 1970 nchi hiyo ilitolewa kwenye Kombe la Davis, na sauti ya Ashe ilikuwamo katika kelele zilizoitoa. Halafu mwaka 1973 serikali ya Pretoria ikageuka, ikampa viza. Naye akaenda.

Masharti aliyaweka: mashabiki wa Ellis Park, uwanja wa Johannesburg, wasitenganishwe kwa rangi, yeye asiitwe "mzungu wa heshima", na aruhusiwe kwenda anakotaka na kusema anachotaka. Kwenye viti, ahadi ilitimizwa nusunusu. Alifika Soweto, akapokelewa na wengi kwa shangwe, na wachache wakamwambia usoni kwamba kuja kwake kunawapa makaburu sura nzuri wasiyostahili. Katika mashindano alifika fainali, akafungwa na Jimmy Connors, lakini akachukua ubingwa wa wawili wawili pamoja na yule yule Okker. Jina la mtu mweusi likaandikwa kwa mara ya kwanza kwenye orodha ya mabingwa wa nchi ile.

Hoja ya baba mdogo ni hoja ya mtu wa huku. Nyanda za Juu Kusini hatukuwa tunasoma habari za kusini mwa Afrika kwenye gazeti tu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipita kwetu, barabara ya Zambia ilipita kwetu, na katika miaka hiyo hiyo Wachina na Watanzania walikuwa wanachimba mahandaki ya TAZARA kwenye milima yetu, yote ili mafuta na shaba ya Zambia visilazimike kupitia Rhodesia na Afrika Kusini. Nchi maskini ilijenga reli ili isiwape makaburu hata nauli. "Halafu huyu," baba mdogo husema, "anapanda ndege mwenyewe kwenda kuwachezea mpira?"

Na ana mifano. India walifika fainali ya Kombe la Davis mwaka 1974, mpinzani akawa Afrika Kusini, iliyokuwa imerudishwa mashindanoni, wakakataa kucheza na kombe likaenda hivyo hivyo. Mwaka 1976 Tanzania ilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa imekwenda Afrika Kusini, iliruhusiwa kushiriki. Aliyelipa gharama hiyo kuliko wote ni Filbert Bayi, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 pale Christchurch mwaka 1974, mbele ya John Walker wa New Zealand huyo huyo. Dunia nzima ilikuwa inasubiri hao wawili wakutane Montreal. Walker akachukua dhahabu, Bayi akabaki nyumbani. Miaka minne baadaye Moscow alipata fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, medali kubwa, lakini siyo ile.

Jibu langu kwa miaka mingi lilikuwa kwamba Bayi hakuulizwa. Nchi iliamua, yeye akatii. Ashe alikuwa peke yake, hana nchi nyuma yake, maana nchi yake yenyewe ilikuwa inafanya biashara na Pretoria bila aibu. Alilazimika kuamua kama mtu mmoja anavyoamua, kwa macho yake. Na kuna kitu alikutana nacho huko ambacho kususia kusingempa. Alisimulia kwamba kijana mmoja alikuwa akimfuata fuata kila aendako pale Ellis Park. Alipomuuliza sababu, kijana akamjibu kwamba yeye Ashe ni mtu mweusi wa kwanza aliye huru kweli kumwona maishani mwake.

Mtu wa Mbeya akisoma hapo anakumbuka jambo jingine. Januari 1962, mwezi mmoja tu baada ya uhuru wa Tanganyika, Nelson Mandela alitua Mbeya kwa ndege ndogo akitokea Bechuanaland (Botswana ya leo), akitoroka kwao kimyakimya. Katika kumbukumbu zake anaeleza hoteli aliyofikia: weupe na weusi wameketi pamoja barazani wanazungumza, kitu ambacho hakuwahi kukiona. Alikuwa anamsubiri Mwakangale, mbunge wa TANU, ambaye alikuwa ameshapita kumuulizia bila yeye kuambiwa. Mgeni mmoja Mwafrika akamwendea mhudumu wa mapokezi, mama wa kizungu, akamwambia kwa upole lakini bila kulegeza kwamba hawa ni wageni wetu na tungependa watunzwe ipasavyo. Mama akaomba radhi. Mandela anasema ndipo alipojiona, kwa mara ya kwanza maishani, mtu huru.

Napenda kwamba aliyempa Mandela hisia hiyo hakupiga meza. Aliongea kama Ashe. Baba mdogo hunikatiza hapa: yule wa Mbeya aliongea kwa upole kwa sababu nyuma yake kulikuwa na serikali yake. Upole wenye serikali na upole usio na serikali si upole mmoja. Hapo sijawahi kupata jibu la kumridhisha.

(Kwa wapenda tenisi: Mandela naye alikuwa wa kwetu. Kisiwani Robben wafungwa walipata kiwanja ndani ya ua wa gereza, wakachora mistari, naye akawa mmoja wa waliocheza.)

Neno moja la ufundi kabla ya kuendelea. Johannesburg iko mita 1,700 na ushee juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na jiji la Mbeya. Hewa ni nyepesi, mpira haushikwi, unakimbia na unaruka. Ukichukua kopo la mipira ya kawaida ukalifungua Mufindi, mpigo ambao Dar es Salaam ungeangukia mstarini, huku unatoka nje kabisa. Ndiyo maana sheria za tenisi zina aina maalumu ya mpira kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Baba mdogo hakusoma sheria hizo, lakini aliacha mipira mipya ilale juani kwanza "ipungue kiburi", na wageni wakamshukuru bila kujua kwa nini. Connors alipenda mipira ya kasi. Kadiri ulivyompigia kwa nguvu ndivyo alivyokurudishia kwa nguvu zaidi, na Ashe, tangu ujanani, alikuwa mtu wa kupiga kwa nguvu: mpira wa bapa, karibu na mstari, liwalo na liwe. Hivyo ndivyo Connors alivyomfunga Ashe Johannesburg mwaka 1973, na mwaka 1974 tena.

Basi Julai 5, 1975, fainali ya Wimbledon, Ashe akiwa amebakiza siku tano kutimiza miaka 32 na Connors akiwa na 22, bingwa mtetezi, hajapoteza hata seti moja mashindano yote. Walikuwa wamekutana mara tatu, zote kashinda Connors. Isitoshe Connors alikuwa amemfungulia Ashe kesi ya kumchafulia jina, kwa maneno ambayo Ashe aliandika kuhusu Connors kukwepa kuchezea timu ya taifa. Ashe akaingia uwanjani amevaa koti la timu ya Kombe la Davis, herufi za nchi yake kifuani. Hakusema kitu. Koti lilitosha.

Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amekaa na rafiki zake wakapanga mchezo ambao haukuwa wake. Asipige kwa nguvu. Ampe Connors mipira laini, ya chini, ya katikati, hasa upande wa pigo lake la mbele ambalo hakulipenda kwenye mipira inayofika bila uzito. Sevu akate zitoke nje kabisa upande wa lile pigo lake la mikono miwili, mikono hiyo isifike. Akisogea wavuni, ampigie wa juu. Mtu ambaye dunia nzima ilimjua kwa bunduki aliingia vitani akaiacha nyumbani. Seti ya kwanza 6–1. Ya pili 6–1. Watu hawakuamini. Kila wanapobadilishana upande, Ashe anaketi, anafumba macho, hatikisiki, wakati Connors anahangaika na taulo. Shabiki mmoja akapiga kelele kumhimiza Connors ajitahidi, naye akajibu kwa hasira kwamba anajitahidi. Akachukua seti ya tatu 7–5, akaongoza ya nne 3–0.

Hapo ndipo bingwa wa kawaida angerudi kwenye kile anachokijua, akaanza kufyatua. Ashe hakurudi. Aliendelea na mipira ile ile ya kuudhi, akashinda 6–4, akageukia walipokaa watu wake akanyanyua ngumi mara moja, basi. Mwanaume mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa Wimbledon.

Nimeitazama mechi hiyo mara nyingi, na ndiyo iliyonibadilisha katika ubishi wetu. Maana nilikuja kuona kwamba alichokifanya kwa Connors ndicho alichokuja kukifanya kwa Afrika Kusini. Alikuwa ameamini kwamba kwenda, kuzungumza, kuonekana, kutafungua milango. Alirudi huko zaidi ya mara moja, akasaidia kujenga kituo cha tenisi Soweto. Halafu akakubali hadharani kwamba haitoshi, akawa mtetezi wa kususia. Mwaka 1983 akashirikiana na mwanamuziki Harry Belafonte kuanzisha umoja wa wasanii na wanamichezo wa kupinga ubaguzi ule, na Januari 1985 akakamatwa na polisi nje ya ubalozi wa Afrika Kusini mjini Washington, kwa kuandamana. Yaani, kama miaka kumi na miwili baada ya safari ile, Ashe alikuwa upande wa baba mdogo. Nilipomwambia hivyo alinyamaza kidogo, akasema, "Alichelewa." Sawa, alichelewa. Nionyeshe wangapi waliofika.

Moyo wake ndio uliomwachisha tenisi. Alipata shambulio la moyo mwaka 1979, akapasuliwa, akastaafu mwaka uliofuata, akapasuliwa tena mwaka 1983. Katika damu aliyoongezewa baada ya upasuaji huo wa pili kulikuwa na virusi vya UKIMWI. Hospitali zilikuwa bado hazijaanza kupima damu. Aligundua mwaka 1988, mkono wa kulia ulipokufa ganzi na madaktari wakafungua kichwa kutafuta sababu. Akakaa na siri hiyo yeye, mkewe Jeanne na watu wachache, hadi Aprili 8, 1992, gazeti moja lilipokuwa linakaribia kuitoa. Akaitisha waandishi akaisema mwenyewe. Alipofika mahali pa kumtaja binti yake Camera, wa miaka mitano, sauti ikakatika, mkewe akachukua karatasi akasoma.

Sehemu hii watu wa huku hatuhitaji kueleweshwa. Utafiti wa kitaifa wa 2016–17 ulionyesha maambukizi ya zaidi ya asilimia 11 kwa watu wazima Njombe na Iringa, wakati wastani wa nchi ulikuwa karibu asilimia 5. Katika miaka ile Ashe alipokuwa anaficha, kambini kwetu nako watu walikuwa wanaficha, na wengine walikuwa wanawafichua. Mtu akikonda, akipata mkanda wa jeshi, sokoni tayari washasema amekanyaga miwaya. Msibani mtangazaji anasoma kwamba marehemu "aliugua kwa muda mrefu", na wote tunatazama chini. Bibi wa jirani yetu alilea wajukuu wa watoto watatu. Sijui mtu mmoja, hata mmoja, ambaye siku hizo alisema kwa hiari yake mbele ya watu.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema lile gazeti lilimfanyia Ashe hisani kwa sababu matokeo yalikuwa mema. Kweli, alianzisha mfuko wa kupambana na ugonjwa huo, akahutubia kwenye Umoja wa Mataifa, akawa sura ya watu waliokuwa hawana sura. Lakini alikuwa raia binafsi aliyestaafu, hana ofisi ya umma, ana mtoto mdogo, na siri ilikuwa yake. Alilalamika hilo wazi, na alikuwa sahihi. Jingine alilosema likawashangaza waandishi: kwamba mzigo mzito kuliko wote maishani mwake haukuwa UKIMWI, ulikuwa kuwa mweusi Marekani.

Septemba 1992, amekonda, alikamatwa tena na polisi, safari hii nje ya Ikulu ya Marekani, akipinga jinsi wakimbizi wa Haiti walivyokuwa wanarudishwa. Alifariki Februari 6, 1993, akiwa na miaka 49. Uwanja mkuu wa US Open uliofunguliwa mwaka 1997 una jina lake, na unachukua zaidi ya watu 23,000. Na yule mtoto wa miaka 11 ambaye Ashe alimwona akicheza Yaoundé, Kamerun, mwaka 1971, kisha Ashe akampigia simu kiongozi wa tenisi ya Ufaransa kumweleza juu yake? Ni Yannick Noah, aliyeshinda ubingwa wa Ufaransa mwaka 1983.

Fainali ya 1975 inapatikana mtandaoni kwa vipande. Ukiipata, usianze na seti mbili za mwanzo ambazo kila mtu huzisifia. Nenda moja kwa moja seti ya nne, Connors akiongoza 3–0, zima sauti ya watangazaji, na tazama mkono wa kulia wa Ashe tu: jinsi anavyoupunguza kasi kila mpira unapofika.